Ushahidi wa Radi

Wafipa wakiulizwa asili ya jina la mji wao mkuu, wengi hujibu kwamba Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Mgeni aingiaye mjini ameamriwa autue mzigo wake mlangoni, kama mtu avuaye viatu kabla ya kukanyaga jamvi. Lakini Watanzania wa mikoa mingine wamelipindua jina hilo, na kwao Sumbawanga imekuwa mahali uchawi unapotoka. Mtumishi wa serikali akipata uhamisho wa kwenda Rukwa huagwa kwa mzaha wenye hofu ndani yake, na katika vijiwe vya kahawa vya pwani utasikia kwamba huko mtu hutuma radi mchana wa jua kali, ikamfuata mdaiwa wake hadi Dar es Salaam. Wasomaji wa visiwani wasicheke haraka. Pemba nayo imevishwa joho hilo hilo: Mwingereza Evelyn Waugh aliandika mwaka 1931 kwamba watu walikuwa wakienda Pemba kutoka bara la mbali kusomea uchawi, ilhali yeye mwenyewe alikuwa mpita njia tu. Sifa za namna hii huenezwa na wapita njia. Gharama yake hulipwa na wenyeji.

Uwanda wa Ufipa una sababu zake za kuiogopa mbingu. Ni nchi ya juu iliyokaa baina ya mabonde mawili: magharibi ardhi inaporomoka hadi Ziwa Tanganyika, mashariki inaporomoka hadi Ziwa Rukwa, na katikati mji wa Sumbawanga umekaa karibu meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Mbizi. Kuanzia Novemba hadi Aprili hewa yenye unyevu hupanda kwenye kingo hizo, hupoa, hujikusanya kuwa mawingu marefu meusi, na alasiri haijaisha mashamba ya mahindi na ulezi yamekwisha kupigwa na mvua ya ngurumo. Sehemu kubwa ya uwanda ni majani na mashamba. Kwa hiyo chochote kilichosimama, uwe mkaratusi, ng'ombe, au mtu anayerudi nyumbani na jembe begani, huwa ndicho kilele cha mahali pake. Mwaka 2016 wanasayansi waliochambua kumbukumbu za setelaiti za miaka mingi walitangaza kwamba mahali panapopigwa na radi kuliko pote duniani ni Ziwa Maracaibo nchini Venezuela, na kwamba katika Afrika nafasi ya kwanza ni ya Kabare, mashariki ya Kongo, katika ukanda huu huu wa maziwa na milima ambao Ufipa imo kusini mwake. Aliyezaliwa hapo hahitaji setelaiti kuambiwa hayo.

Katika kijiji kimoja cha uwanda huo, ambacho hapa hakitatajwa, radi ilimwua binti wa miaka kumi na minne. Alikuwa amesimama chini ya upenu wa nyumba yao, ameegemea ukuta wa udongo, akingojea mvua ipungue. Kakake mdogo alikuwa ndani, kitandani, akanusurika. Rafiki yake wa dawati moja, waliyekuwa naye kidato cha kwanza, alisikia mlio kutoka ng'ambo ya kijito, na alipofika watu walikuwa wamekwisha kujaa uani.

Wiki moja kabla ya siku hiyo, baba wa marehemu aligombana na bibi wa rafiki huyo juu ya mpaka wa shamba la ulezi. Bibi alikuwa mjane, mkaidi wa haki yake, mwenye ulimi. Mwisho wa ugomvi alitamka maneno ambayo kila aliyedhulumiwa huyatamka: "Mungu anaona." Radi ilipopiga, maneno hayo yalisomwa upya. Binti alizikwa kesho yake. Daktari hakuja, mvua ilikuwa imekata njia, na kijijini hapakuwa na aliyeona haja ya daktari kwa kifo ambacho kila mtu alikisikia kwa masikio yake. Mwezi haukuisha, wazee wa ukoo wa marehemu walivuka kwenda wilaya ya jirani kwa mpiga ramli. Walirudi bila kusema kitu, na ukimya wao ulitosha. Wanawake waliokuwa wakichota maji pamoja na bibi wakabadili saa ya kwenda kisimani. Usiku mmoja paa lake la majani likashika moto. Mwanawe akaja na lori la mahindi, akamchukua hadi mjini Sumbawanga, katika chumba cha uani, na huko ndiko alikobakia.

Mjukuu, yule wa dawati moja, alipofaulu kidato cha sita alichagua kusomea haki ya jinai na sayansi ya uchunguzi wa makosa. Walimu wake walimshauri achukue ualimu, kwa kuwa ajira yake ilikuwa ya uhakika zaidi. Mjomba wake alitaka achukue uuguzi. Yeye hakueleza sababu. Watu wakadhani anataka kuwa polisi.

Hapo lazima turudi nyuma kidogo, kwa kuwa Ufipa haikungoja chuo kikuu ili ipate wapelelezi. Katika miaka ya 1930 walizuka katika nchi za Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini vijana walioitwa mchapi, waliokwenda kijiji hadi kijiji kusafisha uchawi. Audrey Richards, aliyekuwa akiwachunguza Wabemba, majirani wa Wafipa kwa upande wa kusini, aliwaona wakifanya kazi: wanakijiji walipangwa mstari, wakapita mmoja mmoja nyuma ya mgongo wa mtaalamu, naye akawatazama katika kioo kidogo cha mkononi. Aliyekuwa mchawi alijulikana kwa sura yake kiooni. Baada ya hapo alitakiwa asalimishe pembe na vibuyu vyake, akanyweshwa dawa, mambo yakaisha. Katika miaka ya 1960 harakati ya namna hiyo, kwa jina la kamchape, ilipita Ufipa yenyewe, na mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeitumikia sehemu kubwa ya maisha yake kuwaandika Wafipa, alichapisha habari zake mwaka 1968. Vijana wale walikuwa na utaratibu, na utaratibu huo ulifanana na wa mahakama: palikuwa na mwito, palikuwa na gwaride la utambuzi, palikuwa na vielelezo vilivyolundikwa hadharani, na palikuwa na hukumu. Kilichokosekana ni nafasi ya kioo kukosea.

Somo la kwanza ambalo binti huyu alilipenda chuoni lilikuwa la Mfaransa Edmond Locard, aliyefungua maabara yake ya polisi mjini Lyon mwaka 1910. Locard alifundisha kwamba kila mguso huacha alama: aingiaye mahali huacha kitu na huondoka na kitu, uwe unywele, vumbi, uzi wa nguo au tone la jasho. Binti alilitafakari fundisho hilo usiku kucha, na asubuhi akaandika pembeni mwa daftari lake kwamba uchawi ni kosa la pekee linalodaiwa kutendeka bila mguso. Mtuhumiwa alikuwa ng'ambo ya kijito, hakuvuka, hakurusha jiwe. Kwa mujibu wa Locard hakuna pa kuanzia. Kwa mujibu wa kijiji, kutokuwepo kwa alama ndiyo alama yenyewe.

Mambo mengine aliyafunza moyo wake kuyapenda polepole. Alisoma habari za Song Ci, hakimu wa Kichina aliyeandika mwaka 1247 kitabu cha kuwaongoza mahakimu katika uchunguzi wa maiti, na kisa chake cha mtu aliyeuawa kwa mundu: wanakijiji waliamriwa waweke mundu zao chini juani, na nzi wakakusanyika juu ya mmoja tu, kwa kuwa damu iliyofutwa macho hayaioni lakini nzi wanaijua. Alisoma pia kwamba maabara ambayo leo ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ilianza mwaka 1895, zama za Wajerumani, kwa kazi ya magonjwa ya nchi za joto, na kwamba ilifanywa mamlaka kwa sheria ya mwaka 2016. Kanda yake ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya. Kielelezo kikitoka Sumbawanga kinapita Laela na Tunduma, mwendo wa zaidi ya kilomita 300, kabla ya kufika kwenye meza ya mtaalamu, na kila mkono unaokipokea njiani sharti uandike jina lake. Mahakama ya Rufani ilikwisha kulisema jambo hilo kwa ukali katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007 iliyotoka Dodoma: pawe na maandishi yanayoonyesha, hatua kwa hatua, nani alikikamata kielelezo, nani alikitunza, nani alikihamisha. Bahasha ikilala usiku mmoja mahali pasipoandikwa, kesi nzima inaweza kulala nayo.

Ziko kesi za Rukwa ambazo elimu hiyo inazifaa moja kwa moja, na mbaya kuliko zote ni za watu wenye ualbino. Mwaka 2013 na tena mwaka 2015 mkoani humo watu walivamiwa usiku wakakatwa viungo, kwa imani kwamba viungo hivyo huleta mali. Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wa ile iitwayo ramli chonganishi. Katika uovu huo ramli ina mkono, na mkono una panga. Pana damu, pana nyayo, pana simu iliyopigwa, na kiungo kikikamatwa vinasaba vyake vinaweza kulinganishwa na vya mwenyewe. Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ipo tangu mwaka 2009. Mwanafunzi wetu angeweza kujichagulia hayo kwa tasnifu yake, na mwalimu wake alimsukuma huko. Ni kazi yenye faida ya wazi. Yeye alitaka radi.

Alikuwa amekwisha kuonyeshwa picha moja katika mhadhara juu ya vifo vya umeme. Ilikuwa picha ya mgongo wa mtu, na juu ya mgongo huo mchoro mwekundu uliotawanyika kama jani la mti, shina katikati, matawi pembeni, vijitawi mwisho wa matawi. Mhadhiri alieleza kwamba alama hizo zinaitwa kwa jina la Georg Christoph Lichtenberg, Mjerumani aliyeona mchoro wa aina hiyo katika vumbi juu ya kitu kilichochajiwa umeme, mwaka 1777. Huonekana kwa baadhi ya waliopigwa na radi, muda mfupi baada ya kupigwa, nazo si majeraha ya moto. Kwa kawaida hufifia na kutoweka kabla ya siku moja kupita. Darasa likaendelea. Binti akabaki palepale. Kwa kuwa yeye aliisikia habari ya jani hilo miaka minane nyuma, katika minong'ono ya wanawake walioosha maiti ya rafiki yake: kwamba mgongoni palikuwa na tawi, na kwamba tawi lile ni la dawa, na kwamba mwenye kulichora anajulikana.

Likizo iliyofuata alipanda basi hadi Sumbawanga, na kutoka mjini akapanda pikipiki hadi kijijini. Alikwenda kwa wale wanawake. Wawili walikuwa hai. Aliwapigia magoti, akasema shikamoo, akakaa nao jikoni akichambua maharage tangu asubuhi hadi adhuhuri kabla ya kuuliza. Walijibu kwa uangalifu wa watu wanaojua wanachoulizwa. Gauni lilikuwa limechanika upande wa kushoto kama limepasuliwa kwa mikono. Sikio moja lilitoka damu. Mkufu wa shingoni uliacha mstari mweusi. Tawi lilianzia begani likashuka, na walipommalizia kumvika sanda asubuhi ya pili lilikuwa halionekani tena. Jambo hilo la kutoweka ndilo lililowatisha kuliko yote. Katika ofisi yoyote ya daktari wa uchunguzi wa maiti, maelezo hayo yangeandikwa ukurasa mzima. Hapa palikuwa na mashahidi wawili wa macho, wenye kumbukumbu safi, waliouona mwili kwa karibu kuliko mtaalamu yeyote, na kwa miaka minane hakuna aliyewauliza walichokiona. Waliulizwa tu kinamhusu nani.

Mkaratusi nao ulikuwepo. Ulisimama hatua sita kutoka kwenye ule ukuta, na tangu kileleni hadi chini ulikuwa na kovu refu ambapo gome lilipasuka likaruka. Aliupima kwa utepe. Aliuchora.

Sasa aliweza kusimulia tukio lote, na usimulizi wake ni huu. Radi iliushukia mti, kwa kuwa ndio uliokuwa mrefu. Umeme ulipokuwa ukishuka katika shina lenye maji ulipata njia nyepesi zaidi: mtu aliyesimama karibu, ameegemea ukuta uliolowa. Ukaruka kutoka kwenye mti hadi kwake. Wataalamu huliita tukio hilo mruko wa pembeni, na radi huua kwa namna hiyo mara nyingi kuliko inavyoua kwa kumpiga mtu moja kwa moja. Njia nyingine, iliyo ya kawaida zaidi, ni ya ardhini: umeme ukienea katika udongo, mwenye miguu iliyoachana sana huupitisha mwilini mwake kutoka mguu hadi mguu. Ndiyo sababu ng'ombe kumi huanguka na mchungaji akabaki amesimama, jambo ambalo Ufipa, kama kwingineko, limempeleka mchungaji pabaya. Agosti 2016, katika uwanda wa Hardangervidda nchini Norwei, paa wa baridi 323 walikutwa wamekufa mahali pamoja kwa dhoruba moja. Huko aliitwa mwanasayansi. Oktoba 1998 magazeti yaliripoti kwamba katika jimbo la Kasai, Kongo, radi iliwaua wachezaji kumi na mmoja wa timu moja ya mpira katikati ya mchezo, na wale wa timu ya pili wakasalimika. Huko waliulizwa waganga. Kakake marehemu alinusurika kwa sababu alikuwa juu ya kitanda cha mbao, mbali na ukuta ule. Kila kipande kilikaa mahali pake.

Mjomba wake alikubali kumwitia wazee. Walikaa chini ya upenu mwingine, baba wa marehemu miongoni mwao, na mzee wa kanisa, na mtendaji wa kijiji aliyekuwa mgeni pale. Binti alizungumza kwa heshima, akaonyesha mchoro wa mti, akaeleza habari ya tawi la mgongoni na kwa nini lilitoweka. Walimsikiliza hadi mwisho. Waliuliza maswali mazuri: kwa nini mti haukuungua? je, paa la bati ni salama kuliko la majani? Kisha baba wa marehemu, bila hasira, akasema: "Mwanangu, tumekusikia. Umetuonyesha njia aliyopita. Hujatuambia nani aliyemfungulia mlango."

Jibu hilo lina ukoo mrefu. Evans-Pritchard alilikuta kwa Waazande wa Sudan na kulieleza katika kitabu chake cha mwaka 1937: ghala likiwaangukia watu, Mzande anajua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo, anachouliza ni kwa nini nguzo ilikatika saa ile, na watu wale wamekaa chini yake. Sayansi ya uchunguzi inaweza kusogea hatua mbele ya mchwa. Inaweza kueleza kwa nini huyu na si yule. Lakini kwa nini radi ilikuja wiki moja baada ya ugomvi na si wiki tatu, haina la kusema ila kwamba zilikuwa siku za mvua, na mzee aliyezika mtoto halipokei neno hilo kama jibu. Ingekuwa rahisi kumcheka. Lakini hata mtu wa mjini, aliyesoma, akifiwa na mtoto, huhesabu siku.

Aliporudi mjini jioni ile, alimkuta bibi yake uani anapepeta mchele. Akamweleza yote, kwa furaha ya mtu aliyekwisha kushinda kesi: radi haitumwi na mtu, bibi, na ninaweza kuithibitisha. Bibi aliuweka ungo chini.

"Usiwaambie radi ya kutumwa haipo," alisema. "Ipo. Mimi nimeiona tangu utoto wangu. Waambie sikuituma."

Hili halikuwamo katika mhadhara wowote. Binti alikuwa amekuja na utetezi kwamba kosa lenyewe halipo, na mshtakiwa akaukataa. Bibi hakutaka aambiwe kwamba maisha yake yote, na ya mama yake, yalikuwa katika giza la ujinga. Alitaka kusafishwa. Alitaka mtu mwenye mamlaka asimame mbele ya watu wale wale na kutamka: hakutenda.

Na hakuna mwenye mamlaka hayo. Hapa ndipo masomo ya sheria yalipomwuma mwanafunzi kuliko masomo ya maabara. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa na Waingereza mwaka 1928 na ambayo ingali Sura ya 18 ya sheria za nchi, humwadhibu anayejidai ana nguvu za uchawi na humwadhibu pia anayemwita mwenzake mchawi. Papo hapo ilimpa Mkuu wa Wilaya uwezo wa kumwamuru mtu anayeshukiwa ahame akaishi penginepo, jambo linalokaribia sana lile alilofanyiwa bibi bila amri ya mtu. Mwaka 1951 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliamua kwamba muuaji hawezi kujitetea kwa imani ya uchawi peke yake. Lazima aliyeuawa awe alitenda jambo la dhahiri la kumchokoza. Huo ni uamuzi wa haki, nao umewalinda wazee wengi, walau katika vitabu. Lakini mahakama isiyotambua kosa haiwezi kumwachia huru mtu kwa kosa hilo. Kesi haifunguliwi, kwa hiyo haifungwi. Jirani aliyebadili saa ya kuchota maji hajavunja kifungu chochote.

Mwavi wa zamani, ile dawa ya gome iliyonyweshwa washukiwa katika nchi nyingi za kusini na kati mwa Afrika, ulikuwa sumu ya moyo, na waliokufa nayo bila hatia hawana hesabu. Hakuna mwenye akili atakayeutamani urudi. Hata hivyo aliyetapika alirudi nyumbani akiwa msafi, na aliyemtuhumu alitakiwa kumlipa. Serikali zilizoupiga marufuku mwavi, na zilifanya vyema, hazikuweka mahali pake pa kutapikia.

Tasnifu iliandikwa. Mwalimu wake alitaka sura ya imani ifupishwe, na akaifupisha. Alitaka picha ya mti, akaiweka. Bibi hakurudi kijijini. Baba wa marehemu alimtumia gunia la ulezi mwaka uliofuata, kwa mkono wa mtendaji, bila salamu, na bibi alikaa nalo siku tatu kabla ya kulifungua. Kama gunia lile lilikuwa ni hukumu, au ni ulezi tu, wanafamilia hawajakubaliana hadi leo.

Kazi iliyobaki na uhai ni karatasi moja iliyokuwa mwishoni mwa tasnifu, ambayo wasahihishaji hawakuipa uzito. Ni orodha ya maswali ya kuulizwa waoshaji wa maiti kabla ya mazishi, pale ambapo daktari hawezi kufika: nguo zilichanika wapi, masikio yalitoka damu, palikuwa na chuma mwilini, palionekana mchoro wowote juu ya ngozi, na saa ngapi, mti ulio karibu uko hatua ngapi, na una kovu, nani mwingine alikuwepo, na alikuwa amekaa au amesimama. Imeandikwa kwa Kiswahili chepesi. Binti alitoa nakala kadhaa mjini, akampa yule mtendaji, naye akawagawia wenzake wa vijiji vya jirani.

Msimu wa mvua uliofuata karatasi moja ilirudi. Radi ilikuwa imemwua mwanamume mmoja shambani, katika kijiji ambacho binti hakuwahi kufika. Mwandiko ulikuwa wa kalamu ya bluu, wa mtu aliyejitahidi. Maswali yote yalijibiwa: shati limechanika kifuani, viatu vimeruka mbali, jembe lilikuwa begani, mti haupo, mwenzake alikuwa amechuchumaa hatua ishirini naye ni mzima. Mchoro ulionekana, saa kumi jioni. Saa tatu usiku haukuonekana. Chini kabisa, mahali pasipokuwa na swali lolote, mtendaji wa kijiji kile alikuwa ameongeza kwa hiari yake: "Hajatajwa mtu."